Tarikhi ya Mnyauko wa Viazi

Katika misiba yote iliyowahi kuipata mbatata tangu ilipoanza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, hapana uliotawanywa na mikono ya watu wema pasipo wao kujua kama maradhi ya mnyauko. Ukungu wa majani huja na mvua na baridi, akauona kila mwenye macho; mdudu aliyetoboa kiazi huacha tundu lake likamshuhudia; lakini mnyauko husafiri ndani ya mbegu iliyo nzuri kwa kuitazama, hukaa katika udongo usio na alama yoyote, na siku unapodhihiri, mkulima huwa amekwisha kuupanda kwa jembe lake mwenyewe, na pengine amekwisha kumgawia jirani yake sehemu ya mbegu ile ile kwa ukarimu na nia safi. Maradhi haya hayana dawa ya kunyunyiza wala ya kumwagia ardhini ambayo mkulima wa kawaida aweza kuitegemea. Kwa hiyo kuijua tarikhi yake si anasa ya wasomi, bali ni nusu ya tiba; kwani mahali ilipokosekana silaha ya kumwua adui, kilichobaki ni kuzijua njia anazopita na kuzifunga moja baada ya moja.

Kiazi chenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu wa pande za ziwa Titicaca, baina ya nchi ziitwazo leo Peru na Bolivia, walikitoa porini na kukilima kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika. Na hao Wahispania ndio waliokivusha bahari hadi Ulaya katika karne ya 16. Huku kwetu kilifika mwishoni mwa karne ya 19 katika mizigo ya wamishenari na walowezi, na kwa kuwa hakipendi joto la pwani, kilipanda milimani na kufanya maskani huko: Usambara na nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, Kiambu, Meru na miteremko ya Nyandarua huko Kenya, vilima vya Kigezi katika Uganda, na nchi ya volkeno ya Rwanda na Kivu. Kilianza kama mboga ya meza ya mzungu, na kabla ya muda mrefu kupita kikawa chakula na fedha ya mwananchi, hata nchini Kenya leo hapana zao la chakula linalokitangulia ila mahindi.

Walakini kiazi kina tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha habari yetu yote. Mahindi, maharage na ngano huzaliwa na punje kavu, na punje kavu haichukui kila uchafu wa mama yake. Lakini mkulima wa viazi hupanda kiazi chenyewe, nyama mbichi iliyojaa maji, na lolote lililokuwamo ndani ya mishipa ya mmea wa jana huingia katika mmea wa kesho. Aliyeleta mbegu ya viazi kutoka ng'ambo alileta pamoja nayo maradhi ya ng'ambo, akijua au asijue.

Kwa miaka mingi wakulima wa nchi za joto walikuwa wakiona viazi, nyanya, biringani na tumbaku vikinyauka ghafula wala wasijue sababu. Mwaka 1890 Thomas Burrill wa chuo kikuu cha Illinois, ambaye miaka kadhaa nyuma alikwisha kuonyesha kwamba maradhi ya kuungua kwa mipea na mitufaa yaliletwa na bakteria, alipata bakteria katika viazi vilivyooza. Kisha mwaka 1896 Erwin F. Smith, mtaalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani, alitoa maelezo kamili: akakitenga kijidudu hicho, akakitia katika mimea mizima ikaugua, akaonyesha kwamba ni kimoja kinachoua nyanya, biringani na viazi, akakipa jina la Bacillus solanacearum. Neno hilo la pili limetokana na jamaa ya mimea ambayo viazi, nyanya, pilipili, tumbaku na mnavu wa vichakani ni ndugu wa ukoo mmoja. Na udugu huo, kama tutakavyoona, ni jambo ambalo mkulima hana budi kulishika moyoni.

Ilimu hiyo haikupokewa kwa makofi. Alfred Fischer, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyekuwa na sifa kubwa, alikana katakata kwamba bakteria waweza kuugusa mmea mzima wakauua, akidai kwamba hao huja baadaye tu kuila maiti. Na ubishi baina yake na Smith uliendelea katika majarida ya wataalamu tangu mwaka 1897 hadi 1901, Smith akijibu kila hoja kwa majaribio, mpaka ushahidi ulipokuwa mwingi mno kukanushwa. Twapaswa kulikumbuka jambo hili, kwani hata leo wako wakulima wanaoona shamba limenyauka wakasema ni jua, au ni mbolea, au ni jicho la hasidi. Nao hawapaswi kuchekwa, maana kosa la kutosadiki kile kisichoonekana kwa macho liliwapata hata maprofesa.

Tangu wakati huo kijidudu hicho kimebadilishiwa majina mara kadhaa. Kiliitwa Pseudomonas kwa miaka mingi, kikahamishiwa katika Burkholderia mwaka 1992, na tangu 1995 kinaitwa Ralstonia solanacearum. Na mwaka 2014 wataalamu wakaona kwamba chini ya jina hilo moja mna aina tatu mbalimbali. Lililo kubwa kuliko majina ni mgawanyo uliofanywa mwaka 1962 na Buddenhagen, Sequeira na Kelman, walioonyesha kwamba kijidudu hiki kina makabila yenye tabia tofauti: moja linashambulia mimea mingi ya nchi za joto, jingine linaua migomba, na la tatu limezoea viazi na nchi za baridi. Kabila hili la tatu ndilo lililotukalia sisi wa nyanda za juu. Kwani mahali ambapo mkulima alidhani baridi ya mlima itamkinga, adui alikuwa amekwisha kuizoea baridi hiyo.

Huku Afrika Mashariki miaka ya 1940 ilikuwa miaka ya mashaka kwa kiazi. Mwaka 1941 ukungu wa majani, ule ule ulioleta njaa kuu ya Ireland karne moja nyuma, uliingia Kenya na kuteketeza mashamba, na fikira za wakuu wa kilimo zikaelekea kutafuta aina za viazi ziwezazo kuustahimili. Katika muongo huo huo mnyauko nao ukaanza kuandikwa katika taarifa za maradhi ya mimea. Na kufikia mwaka 1964, Robinson na Ramos walipochapisha uchunguzi wao juu ya mnyauko wa viazi nchini Kenya katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, ilikuwa dhahiri kwamba huyu si mpita njia bali ni mkazi. Ukungu ulipata wapinzani, maana aina zinazoustahimili zilipatikana na dawa za kunyunyiza zikaja madukani. Mnyauko haukupata mpinzani wa namna hiyo, kwani hata aina za viazi zinazoustahimili kidogo aghalabu huubeba ndani kwa siri, zikaupeleka mbele pasipo kuonyesha dalili.

Na hapa ndipo ilipo hila yake kubwa. Katika mashamba ya juu sana, kwenye baridi kali, mmea wenye kijidudu hiki waweza kukua, kuchanua na kuzaa pasipo kunyauka hata jani moja. Desturi ya wakulima, nayo ni desturi yenye hekima katika mambo mengine, imekuwa kutafuta mbegu katika nchi za juu na kuziteremsha chini, kwa kuwa mbegu za juu hazina virusi vingi na huzaa vizuri. Basi gunia linashushwa kutoka mlimani likiwa na viazi visivyo na ila, linauzwa kwa bei nzuri, linapandwa katika shamba lenye joto zaidi, na baada ya wiki chache za jua, maradhi yaliyokuwa yamelala yanaamka. Mwenye kuuza hakudanganya na mwenye kununua hakuzembea. Wote wawili walitazama wakaona kiazi kizima.

Haifai basi kusema habari za adui huyu pasipo kuzitaja alama zake, nazo si ngumu kwa mwenye kutulia. Alama ya kwanza huonekana mchana wa jua: katikati ya mimea iliyosimama, mmoja umelegea majani, pengine shina moja tu kati ya mashina yake, na majani hayo yangali mabichi, hayakupata manjano wala mabaka. Jioni mmea huo hurudi ukasimama, na mkulima akashukuru Mungu. Kesho mchana hulegea tena, na baada ya siku chache hausimami kamwe. Mtu akichukua udongo wa chini yake akaufinya mkononi akauona una unyevu wa kutosha, na ajue kwamba kiu hii haikuletwa na ukame. Kijidudu kimeingia kwa majeraha ya mizizi, kikazaana ndani ya mishipa inayopandisha maji, kikaijaza utelezi wake mpaka ikaziba. Na mmea unakufa kwa kiu ilhali miguu yake imo majini.

Ama kwa mwenye shaka, iko njia ya kuthibitisha ambayo haihitaji maabara wala fedha, nayo ni gilasi ya maji. Mkulima hukata kipande cha shina la mmea ulionyauka, karibu na ardhi, urefu wa kidole kimoja hivi, akalipangusa, akalitumbukiza ncha yake ndani ya maji safi yaliyotulia katika gilasi isiyo na rangi, akalishikilia wima pasipo kutikisa. Ikiwa ni mnyauko huu, kwa muda wa dakika chache tu huanza kushuka kutoka katika mkato nyuzi nyeupe nyembamba kama za maziwa, zikiteremka taratibu hadi chini ya gilasi. Na nyuzi hizo ni bakteria wenyewe kwa mamilioni yasiyohesabika. Mmea ulionyauka kwa ukame, au kwa kukatwa na mdudu, au kwa kuvu za udongoni, hautoi nyuzi hizo. Na kiazi nacho kina ushahidi wake: kikatwe kwa upana, na ndani yake, karibu na ganda, huonekana duara la rangi ya hudhurungi, na kikibanwa kwa vidole, matone meupe yenye kunata hutoka katika duara lile. Vile vilivyozidiwa hutoa utelezi machoni, na udongo hugandamana hapo hata kikivunwa siku kavu. Lakini kiazi kisicho na alama yoyote kati ya hizi hakikuthibitika kuwa salama. Kimekosa tu kujishtaki.

Kutokana na hayo yote yafaa kuuliza kwa nini maradhi haya yamekuwa mazito hivi katika nchi zetu. Sababu ya kwanza ni ufinyu wa ardhi. Kijidudu hiki kikikosa kiazi na jamaa zake hufifia ardhini, lakini huchukua miaka miwili, mitatu, na pengine zaidi. Na mwenye eka moja, ambaye viazi ndivyo ada ya shule na ndivyo chakula, na ambaye mvua zake ni mbili kwa mwaka, amekuwa akipanda viazi juu ya viazi msimu kwa msimu. Sababu ya pili ni maotea, yaani vile viazi vidogo vilivyosahauliwa wakati wa kuvuna vikachipua katikati ya mahindi. Maana shamba linalosemekana limepumzishwa, kumbe halikupumzika, limeendelea kumlisha adui. Sababu ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni mbegu. Wachunguzi wa kilimo cha viazi nchini Kenya wamekuta mara kwa mara kwamba mbegu zilizothibitishwa na serikali hazifiki hata asilimia 5 ya zile zinazopandwa. Zilizobaki zote ni za akiba ya nyumbani, za sokoni, au za jirani.

Wala mtu asidhani kwamba ni mashaka ya maskini peke yao. Mwaka 1992 mnyauko huu ulizuka katika shamba la viazi huko Uingereza, kwenye bonde la mto Thames, na ilipochunguzwa ikabainika kwamba kijidudu kilikuwa kikikaa katika mmea wa porini wa jamaa ya mnavu unaoota ukingoni mwa mto, mizizi yake majini, na maji yaliyovutwa kumwagilia yakakileta shambani. Mwaka 1995 Uholanzi, nchi inayouza mbegu za viazi duniani kote, ikapatwa na mlipuko mkubwa. Na mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria maalumu ya kuyadhibiti maradhi haya, na Misri, yenye kuuza viazi vingi Ulaya, ikalazimika kuthibitisha kwamba viazi vyake vimetoka katika maeneo yaliyopimwa na kuonekana safi. Marekani nayo mwaka 2002 ililiweka kabila hilo la nchi za baridi katika orodha ya vijidudu vinavyohofiwa kutumiwa kuhujumu kilimo. Na mwaka uliofuata vipandikizi vya maua ya jeraniamu vilivyotoka Kenya vilipoonekana vina kijidudu hicho, mimea mingi iliteketezwa katika majimbo mbalimbali. Kijidudu kile kile ambacho mama wa Kinangop, huko Nyandarua, hupambana nacho kwa mikono kiliwatia hofu wakubwa wa dunia.

Juhudi za kupambana nacho zimepitia hatua tatu. Ya kwanza ilikuwa ya wataalamu peke yao: kituo cha utafiti wa viazi cha Tigoni, karibu na Limuru, na mashamba ya serikali huko Molo, yakazalisha mbegu safi chini ya ukaguzi, na tangu kuasisiwa kwa Kituo cha Kimataifa cha Viazi mjini Lima mwaka 1971, na baadaye tawi lake Nairobi, kazi hiyo ikapata msaada wa ilimu kutoka nchi nyingi. Mbegu zilikuwa njema, lakini zilikuwa chache, na bei yake haikuwa ya kila mtu. Hatua ya pili ilimwingiza mkulima mwenyewe: mwaka 2007 Kituo hicho kilichapisha mwongozo wa kuchagua mimea bora, na mabwana shamba wakawafundisha wakulima kupita shambani viazi vinapokaribia kuchanua, kuchomeka vijiti penye mimea yenye afya tu, kurudi baada ya wiki mbili na kung'oa kijiti kwa kila mmea uliobadilika, kisha kuvuna mimea ile mmoja mmoja na kuweka mbegu ya ile iliyozaa vizuri. Majaribio ya Kenya yalionyesha mavuno kuongezeka kwa karibu asilimia 30, hasa kwa kupunguza virusi. Ila njia hii ina mpaka wake, na ni haki mpaka huo utajwe: shamba ambalo mnyauko umekwisha kuonekana halitoi mbegu, hata kwa mmea unaopendeza namna gani, kwa sababu ya ile hila ya kulala ndani pasipo dalili. Hatua ya tatu ni ya miche na viazi vidogo vinavyokuzwa katika nyumba maalumu pasipo kugusa udongo wowote, njia iliyoenea tangu miaka ya 2010, nayo imeanza kuzileta mbegu safi karibu na vijiji.

Lakini mbegu safi ikipandwa katika udongo mchafu ni mali iliyotupwa, na hapo ndipo kazi inaporudi mikononi mwa mwenye shamba. Mmea ulionyauka ung'olewe pamoja na viazi vyake na udongo wa mashikio ya mizizi, ubebwe ndani ya mfuko usimwagike njiani, ufukiwe mbali na shamba na mbali na maji; usitupwe kando ya tuta, wala asipewe ng'ombe, wala usitiwe katika samadi. Maji ya mvua yasiachwe kupita mahali pale yakashuka kwa wa chini. Jembe lililochimba hapo lioshwe na kupitishwa motoni au katika maji ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, na viatu vivyo hivyo. Kiazi cha mbegu kipandwe kizima, kwani kisu kinachokata kimoja kibovu hupaka vyote vinavyofuata. Shamba lililougua lipewe mahindi, ngano, maharage, kabichi au vitunguu kwa misimu isiyopungua minne, na katika muda huo maotea yote yang'olewe, na mnavu pia. Wala pasipandwe nyanya, biringani, pilipili wala tumbaku, maana hao ni ndugu wa kiazi, na kubadilisha ndugu kwa ndugu si kubadilisha zao.

Mtu aweza kuyafanya hayo yote kwa bidii, na bado jirani yake wa juu akamwangusha kwa maji ya mfereji mmoja. Hili ndilo funzo la tarikhi nzima ya mnyauko, tangu Andes hadi Thames hadi Nyandarua: maradhi haya hayakuenea kwa nguvu zake, kwani kijidudu hakina mbawa wala miguu ya kwendea mbali, yalienea kwa biashara yetu, kwa zawadi zetu, kwa maji tunayoshirikiana na kwa majembe tunayoazimana. Kwa hiyo hayazuiliki kwa mtu mmoja mwenye akili akizungukwa na wengi walioghafilika. Mahali ambapo wakulima wa bonde moja wamekubaliana kuambiana kweli pasipo haya, kwamba shamba langu limeugua na msinunue mbegu kwangu mwaka huu, adui amenyimwa njia. Na mahali ambapo kila mmoja ameificha aibu yake akauza gunia lake upesi kabla halijajulikana, adui amepewa usafiri. Kutangaza ugonjwa wa shamba lako basi si fedheha, bali ni sadaka kwa jirani. Na serikali, vyama vya ushirika na wanunuzi wanaotaka viazi viendelee kulimwa katika nyanda zetu wana wajibu wa kuhakikisha kwamba msema kweli huyo hapati hasara peke yake, bali anapata mbegu safi ya kuanzia upya, na zao jingine la kumvusha katika ile miaka ya kungoja ardhi yake ipone.